Maswali ya Wasomaji: Gemu za Kutumbukiza Sarafu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: zile mashine za gemu za kusimama, ambazo mtoto alitumbukiza sarafu au tokeni, akabonyeza kitufe cha kuanza, na wenzake wakamzunguka kutazama. Tumechagua barua zenye maswali ya kiufundi, kwa kuwa mengi ambayo watu wanayakumbuka kwa moyo yana chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Nimezipata gemu zilezile za utotoni nikaziweka kwenye kompyuta. Picha ni ileile, muziki ni uleule, ila ladha hakuna. Ni utu uzima tu, au kuna kitu kimepotea kweli?

Kimepotea, tena si kimoja. Tuanze na skrini. Mashine zile zilitumia skrini ya chogo, bomba la kioo ambalo mwale wa elektroni hulipiga kutoka nyuma. Mwale ulichora mistari kama 240 kutoka juu hadi chini, mara 60 hivi kila sekunde, na kati ya mstari na mstari ukabaki ufa mwembamba wa giza. Nukta ya picha haikuwa mraba wenye kingo kali. Ilikuwa doa la mwanga lililofifia pembeni na kuingiliana na la jirani yake. Wachoraji walifanya kazi wakilijua hilo: walipanga nukta mbili za rangi tofauti pamoja ili jicho lizione kama rangi ya tatu, na wakaacha kioo kilainishe shavu la mpiganaji lililochorwa kwa nukta chache tu. Ukiitia picha hiyo kwenye skrini bapa bila kufanya lolote, kila nukta inageuka kuwa kigae. Hiyo siyo picha uliyoiona ukiwa mtoto. Macho yako yana haki kulalamika.

La pili ni kuchelewa. Kwenye mashine, waya ulitoka kwenye kitufe moja kwa moja hadi kwenye bodi, yaani ubao wa saketi unaoendesha gemu, na bodi ikapeleka picha moja kwa moja kwenye bomba. Leo amri ya kidole inapita kwenye padi isiyo na waya, mfumo wa kompyuta, emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), kisha kompyuta iliyo ndani ya televisheni inayong'arisha picha kabla ya kukuonyesha. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile 60 za kila sekunde, ni kama milisekunde 16.7. Zikirundikana fremu nne au tano, unaruka shimo ukiwa umeshatumbukia. Watu wengi hudhani wamekuwa wazito wa vidole, kumbe kosa liko kwenye televisheni.

La tatu ni la masikio. Skrini za chogo za mashine nyingi hulia kwa sauti nyembamba ya takriban hezi 15,700, kwa sababu mistari huchorwa kwa kasi hiyo. Sikio la mtoto huisikia vizuri sana, ila kwa watu wazima wengi uwezo wa kusikia sauti nyembamba kiasi hicho huwa umekwisha. Hata ukisimamishwa leo mbele ya mashine ileile, sehemu hiyo ya ukumbi hutaisikia tena. Kwa hili moja, jibu ni ndiyo: ni utu uzima.

Sasa ufanye nini. Kwenye televisheni, washa hali ya gemu na uzime kila kinachodai kuboresha picha. Hatua hii peke yake mara nyingi hupunguza kuchelewa kuliko nyingine zote. Tumia kijiti au padi ya waya. Kama unatumia programu ya emuleta iitwayo RetroArch, washa Run-Ahead, mpangilio wake wa kupunguza kuchelewa, na uanze na fremu 1. Ukizidisha, mhusika ataanza kurukaruka kama filamu iliyokatwa. Weka kichujio cha mistari ya chogo, ila ukipe nguvu ya wastani, maana vingi huja vikiwa vikali mno na picha inakuwa na giza. Mwisho, angalia umbo la picha. Skrini za mashine za kawaida zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, zikilazwa au zikisimamishwa wima. Street Fighter II ya mwaka 1991 ina nukta 384 kwa 224, lakini nukta hizo zilibanwa zikae kwenye 4 kwa 3. Ukiiacha kompyuta ifanye kila nukta mraba kamili, Ryu, mmoja wa wapiganaji wake, ananenepa. Ukiitandaza ijaze televisheni pana, ananenepa zaidi.

Kwenye Space Invaders, wale wadudu walikuwa wakienda taratibu, kisha wanaharakisha hadi yule wa mwisho anakimbia kama kichaa. Nani aliwaambia waharakishe?

Hakuna aliyewaambia, na ndiyo maana jambo hili linatufurahisha kila linapoulizwa. Gemu hii ilitoka mwaka 1978 katika kampuni ya Taito, na aliyeibuni, Tomohiro Nishikado, alilazimika hata kutengeneza vifaa vya kuitengenezea. Ubongo wake ni chipu ya Intel 8080, na kwa chipu hiyo kuwasogeza wavamizi 55 kwa mkupuo mmoja ulikuwa mzigo. Basi programu inamsogeza mmoja tu katika kila fremu. Wakiwa wote 55, zamu ya kila mmoja inarudi baada ya karibu sekunde nzima, na ukitazama kwa makini utaona mwendo ukipita kwenye safu kama wimbi. Unapowaua, foleni inafupika. Akibaki mmoja, kila fremu ni zamu yake. Nishikado aliona hali hiyo inanogesha mchezo akaiacha, na zile noti nne nzito za muziki zikafungwa kwenye mwendo huohuo, zikipanda pamoja na mapigo ya moyo wa mchezaji.

Na kama unakumbuka rangi: skrini ya mashine nyingi za mwanzo ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kijani cha chini na rangi ya juu vilitokana na vipande vya plastiki ya rangi vilivyobandikwa. Risasi ilibadilika rangi ilipopita nyuma ya kipande.

Dokezo kwa atakayeicheza tena: alama za kile chombo kinachopita juu si za bahati nasibu, zinafuata hesabu ya risasi ulizofyatua. Risasi ya 23 ikikipata inatoa alama 300, kisha kila ya 15 baada ya hapo. Hesabu kimya kimya, usipige hovyo.

Mizimwi ya Pac-Man ina akili kweli au inatangatanga? Kaka yangu alikuwa akiicheza kama anayesoma kitabu, mimi nikifa raundi ya tatu.

Kaka yako alikuwa akisoma kweli. Pac-Man, gemu ya kula vidonge huku mizimwi minne ikikuwinda, iliyobuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco mwaka 1980, haibahatishi katika kuwinda. Ukifanya miondoko ileile kwa wakati uleule, mizimwi itajibu vilevile kila mara, na kuna watu waliokariri njia nzima ya raundi, kona kwa kona.

Kila mzimwi unalenga kigae fulani, yaani mraba mmoja mdogo wa ramani, na huchagua kona inayomkaribisha hapo. Mwekundu analenga kigae ulichopo. Wa waridi analenga vigae vinne mbele ya uso wako, ndiyo maana anatokea mbele kama aliyekuvizia. Wa buluu ndiye mgumu kumsoma: chukua nukta iliyo vigae viwili mbele yako, vuta mstari kutoka kwa mwekundu hadi hapo, kisha uurefushe mara mbili, mwisho wa mstari ndipo anapokwenda. Mwekundu akiwa mbali nawe, wa buluu anaonekana amepotea, na mwekundu akikaribia, naye anakubana. Wa chungwa anakufuata akiwa mbali, lakini akifika ndani ya vigae vinane anageukia kona yake ya chini kushoto. Wengi humwita mwoga. Si mwoga, ila ukiwa umekaa katika kona hiyohiyo atakuja kukukanyaga akijidai anakimbia.

Kuna hitilafu moja ya kujua. Pac-Man akitazama juu, hesabu ya wa waridi inateleza: badala ya vigae vinne juu, analenga vinne juu na vinne kushoto. Kwa hiyo kumwendea uso kwa uso huku ukipanda kunaweza kumgeuza njia.

Halafu kasi. Katika raundi ya kwanza Pac-Man anakwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya juu kabisa, na mizimwi kwa 75. Lakini kila kidonge anachokula kinamsimamisha fremu moja, hivyo akiwa anakula anashuka hadi kama 71, na hapo wanamfikia. Hii ndiyo sababu unauawa kwenye njia ndefu yenye vidonge ukidhani umewaacha. Ukifukuzwa, kimbilia njia uliyokwisha kuisafisha. Pita kwenye handaki la pembeni, kwa sababu humo mizimwi inashuka hadi 40 na wewe hupungui. Na sukuma kijiti kidogo kabla hujafika kwenye kona: Pac-Man hukata kona kwa mshazari, mizimwi haiwezi, na kila kona unapata hatua chache za bure. Mchezaji mzuri hupenda njia yenye kona nyingi kuliko iliyonyooka.

Mwisho wa barabara ni raundi ya 256. Namba ya raundi inahifadhiwa kwenye nafasi ya biti 8, ambayo ikipita 255 inarudi sifuri, na sehemu ya programu inayochora matunda chini ya skrini inajikuta ikichora 256 badala ya machache. Yanafurika, yanafunika nusu ya kulia kwa herufi na vipande vya rangi, na vidonge vya upande huo havitoshi kumaliza raundi.

Jina langu lilikaa la kwanza kwenye orodha jioni nzima. Asubuhi halikuwepo. Mwenye ukumbi alilifuta?

Alizima umeme tu. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliweka orodha ya alama kwenye kumbukumbu ya RAM ya kawaida, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika, kisha asubuhi zikapakia majina ya kiwandani. Za baadaye ziliwekewa betri au chipu isiyosahau.

Tuliamini mwenye mashine anaweza kuifanya iwe ngumu ili tule sarafu nyingi. Ilikuwa kweli?

Kweli kabisa, na haikuhitaji fundi. Kwenye bodi kuna safu ya viswichi vidogo vya plastiki, kwa kawaida vinane kwa pakiti, vinavyosukumwa kwa ncha ya kalamu. Kwenye Pac-Man vinaamua sarafu ngapi kwa mchezo mmoja, maisha 1, 2, 3 au 5, na kama maisha ya nyongeza yanakuja kwenye alama 10,000, 15,000, 20,000 au hayaji kabisa. Gemu za kupigana zilizofuata zina ngazi za ugumu wa adui na kasi ya saa. Ndiyo maana gemu ileile ilikuwa rahisi ukumbi mmoja na mateso ukumbi wa pili. Ukiicheza leo kwenye emuleta, fungua orodha ya viswichi na ujaribu mipangilio tofauti. Huenda gemu "rahisi" ya mtandaoni ni ileile yako, imewekwa maisha matano tu.

Tulisikia kwamba sarafu iliyofungwa uzi inaweza kutumika mara nyingi. Mashine ilijuaje sarafu halali?

Ndani ya mlango kuna kifaa kidogo cha chuma kinachopima sarafu inapoanguka. Kwanza upana na unene: iliyo ndogo inaponyoka pembeni, iliyo kubwa haiingii. Kisha uzito: inatua kwenye kikombe chenye mizani, na iliyo nyepesi haikiinamishi. Baada ya hapo inapita mbele ya sumaku. Wosha ya chuma inanaswa papo hapo, na ukibonyeza kitufe cha kurudisha, kifaa kinafunguka na kuikwangua. Sarafu isiyonaswa inapunguzwa kasi na sumaku kulingana na madini yake, ikitoka kwa kasi sahihi inaruka hadi njia ya kupokelewa, ikitoka na kasi mbaya inagonga ukingo na kurudishwa.

Ikikubaliwa inagusa kiwaya cha swichi, na hapo ndipo mchezo unahesabiwa. Mwenye uzi alijaribu kuichezesha sarafu kwenye kiwaya hicho. Watengenezaji walijibu kwa kuweka ulimi au blade baada ya swichi, unaoruhusu sarafu kushuka na kuuzuia uzi kupanda. Kama una mashine ya zamani inayokataa sarafu nzuri, usianze kuilaumu bodi: toa kifaa hicho, kisugue kwa mswaki na maji ya sabuni, kikauke kabisa, na usikipake mafuta. Mafuta hukusanya vumbi na sarafu inachelewa. Kama inapokea sarafu bila kuhesabu, kiwaya cha swichi kimepinda.

Nimenunua kabati tupu na bodi ya Street Fighter II. Imewaka, lakini skrini inajizima na kujiwasha, na vitufe vya mateke havifanyi kazi. Ngumi zinapiga.

Haya ni matatizo mawili yasiyohusiana, na yote mawili yanatibika.

La mateke si kuharibika. Bodi nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hufuata mpangilio wa JAMMA: ukingo wa bodi wenye miguso 56, yaani 28 kila upande, unaobeba umeme, picha, sauti, sarafu na amri. Mpangilio huo ulitengewa vitufe vitatu kwa kila mchezaji. Street Fighter II inahitaji sita, kwa hiyo ngumi tatu zinapita JAMMA na mateke matatu yana plagi yao ya pembeni kwenye bodi. Aliyekuuzia hakukupa waya huo. Tafuta waya wa mateke wa bodi za kizazi hicho za Capcom, kampuni iliyotengeneza gemu hii, au utengeneze ukiwa na mchoro wa bodi yako mkononi. Kila kitufe kina miguu miwili: mmoja unaungwa na arthi ya pamoja, wa pili na mguso wake.

Kujizima na kujiwasha karibu kila mara ni umeme wa volti 5 usiotosha. Chukua multimita, kifaa cha kupimia umeme. Usipime kwenye pawa saplai, pima kwenye bodi yenyewe ikiwa inafanya kazi, kwenye miguu ya umeme ya chipu yoyote iliyo mbali na plagi. Watu wengi hupima kwenye pawa saplai, wanaona 5.0, wanaendelea kutafuta ugonjwa usiokuwepo, wakati nyaya nyembamba na miguso michafu imekula sehemu ya umeme njiani. Ikiwa kwenye bodi unasoma chini ya 4.8, umempata mwizi. Kabla hujaongeza chochote, zima, chomoa plagi ya JAMMA, na usugue miguso ya bodi kwa kifutio cheupe cha penseli hadi ing'ae. Futa kwa kitambaa chenye spiriti safi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke. Rudisha, pima tena. Ikiwa bado ni ndogo, zungusha taratibu kile kiskrubu kidogo cha kurekebisha kwenye pawa saplai hadi bodi isome kati ya 5.0 na 5.1. Usivuke 5.25, chipu za zamani hazisamehi.

Unaporudisha plagi, hakikisha kizuizi kinakaa kwenye ufa wa nafasi ya 7. Namba ziko upande wa vipuri, herufi upande wa nyuma wenye risasi ya kulehemu. Nafasi ya 1 na 2 ni arthi, 3 na 4 ni volti 5, 5 ni volti 5 hasi, 6 ni volti 12. Ukiichomeka kinyume umeme unaingia pasipo pake, na bodi iliyodumu miaka 30 inaweza kufa kwa sekunde. Ukiwa na picha bila sauti, kagua kwanza ile volti 12, kwa sababu ndiyo inayolisha kikuza sauti.

Jambo la mwisho kwako: ukiona chipu zenye dirisha dogo la kioo lililofunikwa stika, usibandue. Ndani yake ndimo gemu ilimo, na mwanga mkali wa urujuani huifuta. Wiki moja ya jua la moja kwa moja inatosha.

Picha ya mashine yangu inatikisika pembeni na imefifia, na hata ikizimwa naona njia za Pac-Man zimebaki kwenye kioo. Nijaribu mwenyewe?

Mistari iliyobaki ni makovu. Picha ileile ilikaa mahali pamoja maelfu ya saa, na unga wa fosfori unaotoa mwanga ukachakaa hapo. Haifutiki, dawa ni kubadilisha bomba.

Kutikisika na kufifia mara nyingi ni kapasita, vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji, zilizokauka kwenye bodi ya skrini. Wanaozifufua mashine hubadilisha zote kwa pamoja, bila kubahatisha moja moja, wakiangalia thamani, volti na upande wa hasi. Lakini hapa tunasema bila kulegeza: kama hujawahi kurekebisha TV ya chogo, mpe fundi aliyezirekebisha. Chini ya kile kikombe cha mpira kilicho mgongoni mwa bomba kuna volti zaidi ya 20,000 mashine ikiwaka, na chaji inaweza kubaki muda mrefu baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi huitoa kwanza kwenda kwenye fremu ya arthi ya bomba, ndipo aguse kingine.

Unachoweza kufanya mwenyewe, ikiwa tatizo ni madoa ya rangi kwenye pembe tu: ondoa spika yoyote yenye sumaku iliyo jirani na bomba, zima, subiri nusu saa, washa. Mashine nyingi zina koili inayojiondolea usumaku inapowashwa ikiwa imepoa.

Nimenunua kijiti kipya kizuri. Kwenye gemu za kupigana kiko sawa, kwenye Pac-Man na Donkey Kong kinanigandisha kwenye kona. Kwa nini?

Kwa sababu kina njia nane, na gemu hizo mbili zilitengenezwa kwa njia nne. Unaposukuma juu, mkono unateleza kidogo kulia, kijiti kinabonyeza swichi mbili kwa pamoja, na gemu haijui ichague nini. Kigeuze kijiti chako, utakuta chini kibati au plastiki yenye tundu la mraba. Kwa vijiti vingi, mfano Sanwa JLF, kibati hicho kinatolewa na kuzungushwa hadi tundu likae kama almasi, na pembe zikaziba. Ni kazi ya dakika mbili. Ukiwa na kibati cha mviringo, unahitaji kununua cha pili.

Na kuhusu ile hisia ya kimya ya vijiti vya zamani: vilitumia vibati viwili vyembamba vinavyogusana, bila mlio. Vya sasa vina swichi ndogo inayolia "tik". Zile za vibati zikianza kukataa, usibadilishe kitu. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya vibati, kisha vipinde hadi pengo libaki milimita moja au mbili.

Bunduki ya Time Crisis haifanyi kazi kwenye TV yangu bapa. Imekufa?

Huenda ni nzima kabisa. Bunduki za mtindo huo zina jicho linaloona ule mwale wa chogo unapopita, na mashine inajua ulipolenga kwa kupima muda tu. TV bapa haina mwale wa kusubiriwa, na picha inachelewa. Tafuta skrini ya chogo, au bunduki ya kizazi kipya inayotumia kamera kusoma mpaka wa picha, kama Sinden.

Kuna gemu siwezi kukumbuka jina. Watu wanapigana mitaani, kuna dinosaria na gari kubwa la kuwagonga maadui, na mmoja tulimwita Mustafa. Mnaijua?

Ni Cadillacs and Dinosaurs ya Capcom, mwaka 1993. Mustafa wenu ni Mustapha Cairo, mwenye kofia na teke la kukimbia. Wenzake ni Jack Tenrec, Hannah Dundee na Mess O'Bradovich. Wahusika wanne, lakini wachezaji watatu tu kwa wakati mmoja.

Kwa wengine wanaotafuta jina, msianze na hadithi ya gemu, kwa kuwa mamia zinafanana. Andika idadi ya vitufe, skrini ilikuwa wima au ya kulala, wangapi walicheza pamoja, na kitu kimoja kidogo ambacho hakiko penginepo. Vitufe vinne vya nyekundu, njano, kijani na buluu vinaelekeza kwenye mashine ya Neo Geo ya kampuni ya SNK. Ukiongeza mateka mwenye ndevu anayefunguliwa kamba na kukupa silaha, hiyo ni Metal Slug ya 1996.

Na ukiwahi kuikuta bodi halisi ya ule mchezo wa Mustafa ikiuzwa, uliza kwanza kuhusu betri. Chipu ya sauti ya bodi hiyo inasomeka kwa ufunguo uliohifadhiwa kwa betri ndogo, na betri ikiisha, picha inabaki lakini sauti inakufa. Bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza mwaka huohuo wa 1993, ni kali zaidi: ufunguo ukipotea gemu nzima inakataa na skrini inabaki rangi moja. Siku hizi mafundi wana njia ya kurudisha funguo hizo, kwa hivyo bodi "iliyokufa" ya bei ndogo inaweza kufufuka. Kagua tu kama betri imevuja. Asidi ikishakula njia za shaba zilizo chini yake, kazi inakuwa ya kuunganisha waya mmoja mmoja.